RANGI YA KIWANDANI NA JASHO LA FUNDI



Kwa siku nyingi sasa tumekuwa tukisikia manung'uniko ya mafundi wa rangi wa Nakuru, Njoro, Gilgil na Naivasha. Manung'uniko yenyewe ni ya namna moja. Mtu analeta motokaa ya zamani, anasema, "Nataka kila kitu kipakwe rangi kama kilivyotoka kiwandani." Fundi anakubali bei na kushika kazi mwezi mzima. Halafu mwenye gari anarudi na kitabu mkononi, anainama kutazama chini ya gari, anatikisa kichwa na kusema, "Hii siyo." Hapo ugomvi unaanza, na mara nyingi anayelala njaa ni yule aliyeshika bomba la kupulizia rangi.

Leo twataka kutoa maoni yetu juu ya jambo hili. Tumeona kwamba ndani yake mna mambo matatu yanayomhusu kila mfanyakazi: elimu ya kazi, ujira wa kazi, na mapafu ya mwenye kufanya kazi.

Twajua wako watakaouliza, "Magari ya zamani ni mchezo wa matajiri. Chama cha wafanyakazi kina haja gani nayo?" Jibu letu ni kwamba gari huenda likawa mchezo kwa mwenye kulipanda, lakini kwa mwenye kulitengeneza ni unga na karo ya watoto. Tena kazi hii haiko mbali nasi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953, na kwa miaka mingi magari yake yamepita katika barabara zetu za Bonde la Ufa. Tangu mwaka wa 2003 yako mashindano ya Safari ya magari ya zamani. Tangu mwaka wa 1970 yako maonyesho ya Nairobi, yale ya Concours d'Elegance, ambako waamuzi hawatazami bodi peke yake. Na mwaka wa 2021 Safari yenyewe ilirudi katika mashindano ya dunia, makao yake yakiwa Naivasha. Mashamba ya Molo, Njoro na Subukia nayo yana Land Rover na Peugeot za zamani zilizolala chini ya mabati. Kazi ipo, na itazidi kuwapo.

Basi tuanze na elimu, maana asiyejua kazi yake hawezi kuidai bei yake.

Fundi mmoja katika wanachama wetu alipewa Land Rover ya Series IIA, moja ya zile zilizotengenezwa kati ya mwaka wa 1961 na 1971. Alikuwa kijana mwenye bidii. Alipiga msasa kila mahali, akapuliza bodi kijani kibichi cha kukolea, kazi safi kabisa. Kisha akaona bampa la mbele na vile vyuma vya pembeni juu ya sanduku la nyuma vina rangi ya kijivu iliyofifia kama mabati ya nyumba kuukuu. Akaona vimechakaa, akavipiga msasa hadi chuma kikaonekana, akavipaka rangi ya fedha ya kung'aa. Mwenye gari alipokuja alikataa kulipa.

Je, ni nani alikosa? Fundi alikosa kwa sababu hakujua. Vyuma vile havikupakwa rangi kiwandani. Vilichovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwa moto, na ile sura ya kijivu iliyofifia ndiyo sura yake ya haki. Msasa wake uliondoa ngao ambayo kiwanda kiliweka ili chuma kisipate kutu. Lakini mwenye gari naye alikosa, tena zaidi. Kitabu alikuwa nacho tangu mwanzo, akakificha nyumbani mpaka siku ya malipo.

Kwa hiyo twawaambia mafundi wetu jambo hili la kwanza. Rangi ya kiwandani si rangi moja, na si kila kitu kung'aa. Kiwanda kilikuwa kama jiko la hoteli kubwa: kila chungu na moto wake. Bodi ilipata rangi ya kung'aa. Chesisi, ekseli na springi zilipata rangi nyeusi ya haraka, isiyong'aa sana, na mara nyingi iliachwa na michirizi, kwa sababu wafanyakazi wa zamu ile hawakuwa na nafasi ya kupamba kitu kitakachoingia matopeni kesho yake. Bolti na nati nyingi hazikupakwa rangi. Zilivikwa zinki au kadimiamu, nyingine nyeupe kama fedha, nyingine za manjano ya dhahabu. Nyingine zilitiwa dawa ya fosfeti na mafuta, zikawa nyeusi bila kung'aa. Kabureta iliachwa na rangi ya madini yake. Rejeta ilipata rangi nyeusi nyembamba tu, kwa maana rangi nene huzuia joto lisitoke. Injini nayo ilikuwa na rangi ya kabila lake: mwenye Morris Minor anajua injini yake ilikuwa ya kijani, na ukiipaka nyekundu atakuuliza umeitoa wapi.

Hata namna ya kupaka ilibadilika mwaka hata mwaka. Zamani sana rangi ya motokaa ilipakwa kwa brashi na vanishi, na gari moja liliweza kukaa wiki kadhaa likingoja kukauka. Henry Ford aliuza Model T nyeusi tupu kutoka mwaka wa 1914 hadi 1925. Katika miaka ya 1920 kampuni ya DuPont ya Marekani ilitoa rangi ya selulosi iitwayo Duco, iliyokauka upesi na kupulizwa kwa hewa, na hapo ndipo bomba letu hili la kupulizia lilipopata heshima katika viwanda. Baadaye zikaja rangi za kuchomwa katika tanuri. Viwanda vingine vya Uingereza katika miaka ya 1950 vilitunga bodi nzima katika chuma kirefu kama nyama ya mishikaki na kuizungusha ndani ya birika la praima. Katika miaka ya 1960 ikaanza njia ya kutumia umeme kuivuta rangi mpaka ishike kila pembe ya chuma.

Twayasema haya kwa sababu moja. Mwenye gari akisema "kama ilivyotoka kiwandani," swali la kwanza la fundi liwe: kiwanda gani, na mwaka gani?

Na jibu halimo katika vitabu peke yake. Gari lenyewe ni shahidi. Fungua kibao cha namba, toa mpira wa dirisha, inua zulia, tazama nyuma ya dashibodi na chini ya vibanio vya nyaya, mahali jua na mikono havikufika. Hapo utaikuta rangi ya kwanza. Chukua msasa laini wa maji, sugua taratibu mahali padogo penye ukubwa wa shilingi, nawe utaona rangi zikitokea pete kwa pete, ya juu hadi ya chini, kama mti uliokatwa. Tazama pia kibati cha namba za rangi. Volkswagen walitumia herufi L na tarakimu: L41 ni nyeusi, L87 ni nyeupe ya lulu. Magari ya BMC ya Uingereza yalikuwa na alama zake, kama BK 1 kwa nyeusi. Fundi anayejua kusoma alama hizi hapaswi kulipwa sawa na anayesubiri kuambiwa.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo limetugusa sana. Wengi wetu tukisikia neno "kiwandani" tunafikiri Uingereza, Ujerumani au Ufaransa. Tumesahau kwamba tangu katikati ya miaka ya 1970 magari yameunganishwa papa hapa Kenya. Thika kulikuwa na Leyland Kenya, ambayo baadaye iliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na Land Rover ziliunganishwa pale. Nairobi kulikuwa na General Motors Kenya, ambayo tangu mwaka wa 2017 inaitwa Isuzu East Africa. Mombasa kuna Associated Vehicle Assemblers, ambako Peugeot 504 ziliunganishwa. Peugeot hizo kila mtu wa Nakuru mwenye umri wake anazikumbuka. Ndizo zilizokuwa zikienda mbio Nairobi na kurudi, abiria wamebanana ndani, dereva mkono mmoja dirishani.

Magari haya yalifika melini vipande vipande, na mikono ya Wakenya ndiyo iliyoyaunganisha na kuyapaka rangi. Basi kwa gari la namna hii, rangi ya kiwandani ni rangi ya Thika au ya Mombasa. Kitabu kilichopigwa chapa London hakiwezi kueleza yote yaliyofanyika pale: praima gani ilitumika, chini ya sakafu palipulizwa nini, bolti zipi zilipakwa pamoja na bodi kwa sababu zilikuwa zimekwisha fungwa. Anayejua ni mzee aliyesimama pale na barakoa ya kitambaa puani. Wazee hao wengine wako hai, wengine wamerudi mashambani kwao na wanapanda mahindi. Hakuna aliyewauliza. Mwenye gari yuko tayari kulipia kitabu kutoka ng'ambo, lakini hayuko tayari kumnunulia chai mzee aliyelipaka gari lake kwa mara ya kwanza.

Twaona hili ni kosa, na chama lazima kilirekebishe. Wanachama wenye baba au mjomba aliyefanya kazi katika viwanda hivyo na wamkalishe chini, wamuulize, waandike katika daftari. Mzee akienda na elimu yake, itatubidi tuinunue tena kutoka kwa watu ambao hawakuifanya kazi ile.

Lipo na jambo jingine la kwetu. Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa ule udongo mweupe mwepesi uitwao diatomaiti, mabaki ya viumbe vidogo vya ziwa la kale. Udongo wa namna hiyo hutumika katika vichujio, na pia katika rangi, ili kuipunguzia mng'ao. Rangi ile nyeusi iliyofifia ambayo mwenye gari anaitafuta mpaka ng'ambo, kitu cha kuifanya ififie kinachimbwa ardhini kwetu. Twalitaja ili fundi wa Bonde la Ufa asijidharau.

Tuje sasa kwenye mapafu. Hapa tutasema kwa ukali kidogo, na mtuwie radhi.

Usahihi una mpaka wake, na mpaka huo ni uhai wa mtu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi ndani yake. Praima nyekundu ya chuma ilikuwa ya risasi. Manjano, machungwa na kijani nyingi za zamani zilipata rangi yake kutokana na risasi na kromu. Ukizipiga msasa mkavu, vumbi lake linaingia mwilini, na ukienda nyumbani na nguo zile zile, mtoto anayekurukia mlangoni analipata pia. Praima ya manjano ya zinki na kromu, iliyopakwa juu ya aluminiamu, inajulikana kuwa huleta saratani. Bolti yenye kadimiamu ukiichoma kwa gesi ili ilegee hutoa moshi wenye sumu. Mtu huona kama mafua tu jioni, na pengine asiamke vizuri tena.

Na rangi za leo nazo zina ubaya wake. Ile ya 2K, ya kuchanganywa na hadena, inang'aa vizuri na inakauka ngumu, lakini hadena yake ina aisosianati. Hii haina harufu ya kukuonya mapema. Mtu anaipuliza miaka miwili bila kuona kitu, halafu siku moja kifua kinabana, na tangu siku hiyo kila akiikaribia kifua kinabana tena. Katika nchi nyingi zenye viwanda ni moja ya sababu kubwa za pumu inayotokana na kazi. Kitambaa cha puani hakiizuii. Barakoa ya vumbi haiizuii. Panatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, na chumba chenye feni ya kutoa hewa chafu. Wengi wetu tunapuliza nyuma ya gereji, upande mmoja mama anauza chapati, upande mwingine watoto wanapita kwenda shule.

Kwa hiyo tunasema hivi: sura ya zamani, ndiyo, sumu ya zamani, hapana. Rangi inaweza kulinganishwa kwa macho, kwa mng'ao na kwa vile vipele vidogo kama ganda la chungwa, bila kurudisha risasi ndani yake. Shirika la Afya Duniani linashauri rangi isizidi sehemu 90 za risasi katika milioni, na Kenya nayo imeufuata mpaka huo. Mwenye gari akidai risasi halisi kwa sababu ndiyo iliyokuwako, mjibuni kwa adabu kwamba hata wafanyakazi wa kiwanda kile wangeikataa kama wangeambiwa ukweli. Msasa wa rangi ya zamani na uwe wa maji, si mkavu. Nguo za kazi zibaki kazini.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kumkinga anaposhika vitu vyenye madhara. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inatambua magonjwa yaletwayo na kazi, wala si ajali peke yake. Lakini sheria hizi zinamshika mkono zaidi mwenye mwajiri. Fundi wa jua kali anayejipigia rangi kando ya barabara, akiugua hana wa kumdai. Ndiyo sababu twawaambia hao nao waje katika chama. Fundi mmoja hawezi kununua kompresa ya hewa safi. Mafundi kumi wakichanga wanaweza, na wakapokezana kwa siku.

Mwisho ni ujira. Kazi ya rangi ya kiwandani inachukua muda mrefu kuliko rangi ya kawaida, lakini inalipwa kama rangi ya kawaida. Mtu anapatana "gari zima" kwa bei moja. Ndani ya "gari zima" mna vipande mamia: vya kuchovywa, vya kupulizwa, vya kuachwa vilivyo, vya kupelekwa Nairobi kuvikwa zinki. Kuvitenganisha tu, kuvipiga picha na kuvifunga lebo ni kazi ya siku kadhaa, na siku hizo hakuna anayezihesabu. Halafu mwenye gari akibadili nia, fundi anarudia bure.

Wako mafundi wanaotuambia, "Tukidai zaidi, kazi itakwenda kwingine." Twaielewa hofu hiyo, kwa sababu nasi tumelala na njaa. Lakini ikiwa kila gereji ya Nakuru itashika utaratibu mmoja, kazi hiyo itakwenda wapi? Mwenye Land Rover ya baba yake hatafuti bei ya chini peke yake. Anatafuta mkono anaouamini.

Basi twapendekeza utaratibu huu, na twaomba matawi yaujadili katika mkutano ujao:

1. Kabla ya kazi kuanza, iandikwe orodha ya vipande na namna kila kimoja kitakavyomalizwa: kung'aa, nusu kung'aa, zinki, au kuachwa. Mwenye gari alete kitabu chake siku hiyo, si siku ya malipo. Pande zote mbili zitie sahihi.

2. Kwa kila rangi fundi apake kwanza kibati cha mfano. Mwenye gari akikubali, atie sahihi nyuma yake. Kibati kikae gereji mpaka gari limalizike. Ugomvi ukizuka, kibati ndicho hakimu.

3. Kufungua, kuchunguza rangi ya kwanza na kuandika kumbukumbu kuhesabiwe kuwa kazi, na kulipwe.

4. Kurudia kwa kosa la fundi ni juu ya fundi au gereji yake. Kurudia kwa sababu mwenye gari amebadili nia kulipwe upya.

5. Hakuna kupuliza 2K bila hewa safi. Mnyapara atakayemlazimisha mtu, jina la gereji lake liletwe chamani.

6. Kijana anayejifunza asitumwe kusugua rangi ya zamani siku nzima kwa sababu tu ni mdogo. Afundishwe kazi yote, kisha afanye mtihani wa ufundi wa NITA, apate daraja lake, alipwe kwa daraja hilo.

7. Kila tawi liwe na daftari moja la kumbukumbu za wazee wa viwandani, nalo liwe mali ya wanachama wote.

Tukirudi kwa yule kijana wa Land Rover: wenzake walichanga, bampa likapelekwa kuchovywa zinki upya, na mwenye gari akalipa baada ya kuzungumza naye kwa utulivu. Lakini mchango ule ulitoka katika mifuko ya watu ambao hawakukosa chochote. Orodha ya ukurasa mmoja ingaliwaokoa wote.

Watu hulisifu gari la zamani lililotengenezwa vizuri, nao hutaja jina la aliyelibuni na jina la mwenye kulimiliki. Twataka siku moja wataje na jina la aliyelipaka rangi. Lakini kabla ya sifa, kwanza tupate ujira wa haki na kifua kizima.

Haba na haba hujaza kibaba. Njooni mkutanoni.

Umoja ni nguvu.